Tarakilishi zimefika maktabani, mkutubi amesahauliwa

KATIKA eneo la Nyanchwa, pembezoni mwa mji wa Kisii, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne hana tena haja ya kupanda basi la usiku hadi Nairobi kutafuta nafasi ya chuo, mkopo wa masomo au nambari ya mlipaji ushuru. Yote hayo sasa hufanyika kwa mtandao. Safari ya Nairobi imeondolewa; iliyosalia ni safari ya kutoka ukurasa wa kwanza wa tovuti hadi ukurasa wa mwisho, na si wachache wanaokwama njiani.

Anayekwama huhitaji mtu wa kumshika mkono. Kwa wakazi wengi wa Kisii na Nyamira, mtu huyo ni mhudumu wa saiba, ambaye hulipwa kwa fomu anayoijaza na karatasi anayoichapisha. Ilhali ipo taasisi ya umma iliyobuniwa mahsusi kumwonyesha mwananchi njia ya kuifikia habari anayoihitaji, bila kumwuliza ukoo, chama wala kipato chake. Taasisi hiyo ni maktaba.

Maktaba za umma zina uwezo wa kuziba pengo hili kwa gharama ndogo. Hata hivyo, hazitaweza kufanya hivyo iwapo mafunzo ya wafanyakazi wake yataendelea kuchukuliwa kama pambo linaloweza kusubiri bajeti ya mwaka ujao. Tarakilishi hununuliwa mara moja na kupigwa picha siku ya uzinduzi. Mtu wa kuzitumia kwa manufaa ya wengine hujengwa polepole, wiki baada ya wiki, na kazi hiyo haina utepe wa kukatwa.

Serikali imehama

Ili kuelewa uzito wa suala hili, yafaa kukumbuka jinsi Serikali ilivyohamia mtandaoni kwa kasi. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014 ukiwa na huduma chache. Mnamo Juni 30, 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zilikuwa zimewekwa humo. Mwezi uliofuata, mashambulizi ya wahalifu wa mitandaoni yalivuruga mfumo huo kwa siku kadhaa, na wananchi wakajionea jinsi maisha yao yalivyokuwa yamefungamana nao.

Nafasi za vyuo hugawanywa na taasisi ya KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 kuchukua mahali pa iliyokuwa Bodi ya Pamoja ya Usajili. Mwanafunzi huchagua kozi zake kwa mtandao, na hurudi papo hapo kuzirekebisha. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, nayo hupokea maombi kwa njia hiyo hiyo. Kwa upande wa ushuru, mfumo wa iTax ulizika fomu za karatasi katikati ya miaka ya 2010. Kijana aliyesajiliwa kwa ushuru wa mapato hutakiwa kuwasilisha taarifa yake kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, hata kama hakupata senti. Akichelewa, faini yake ni Sh2,000.

Wakulima hawakuachwa nyuma. Usajili wa waliotaka mbolea ya ruzuku uliofanywa mwaka 2023 uliwaingiza katika daftari la kielektroniki, na ujumbe wa kuwaruhusu kuchukua mbolea ukawa unatumwa kwa simu. Mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF, na kila Mkenya akatakiwa kujisajili upya, ama kwa simu ama kwa mtandao.

Hakuna ubaya katika uhamaji huo. Umepunguza foleni, umepunguza hongo ndogondogo, na umemwokoa mkulima wa chai wa Nyamira nauli na siku nzima ya kazi. Tatizo ni kwamba Serikali ilihama na kumwachia mwananchi jukumu la kujua njia ya kufika ilikohamia.

Sensa ya mwaka 2019 ilitoa picha ya hali ilivyokuwa. Miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 pekee ndio waliotumia intaneti, na waliotumia tarakilishi walikuwa asilimia 10.4. Katika sensa hiyo hiyo, Kaunti ya Kisii ilihesabiwa kuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Simu za kisasa zimeenea zaidi tangu wakati huo, na huenda msomaji akadhani kuwa tatizo limejitatua.

Sivyo. Kijana anayetuma picha na sauti kwa simu yake kutwa kucha anaweza kushindwa kabisa kupunguza ukubwa wa nakala ya cheti ili kikubaliwe na tovuti, kutofautisha tovuti ya Serikali na ya matapeli, au kurejesha akaunti aliyoisahau. Kuzoea simu ni jambo moja, na kuitumia kudai haki yako ni jingine.

Siri iliyo mikononi mwa mgeni

Pengo hilo ndilo lililozaa biashara ya saiba, na si haki kumlaumu mwenye saiba. Amewekeza fedha zake, analipa kodi ya chumba na umeme, na laiti asingekuwapo maelfu ya watoto wa Gusii wangekosa vyuo. Lakini biashara hiyo ina kasoro moja ya kimaumbile: mhudumu hulipwa kwa kumaliza kazi ya mteja upesi, na hafaidiki na lolote mteja akijifunza kuifanya mwenyewe.

Matokeo yake yanajulikana na kila anayeishi karibu na mji wowote wa Kenya. Mteja hufika bila barua pepe. Mhudumu humfungulia moja kwa haraka, huchagua neno la siri, huliandika kwenye kipande cha karatasi, na kazi inaendelea. Baada ya mwaka mmoja karatasi imepotea, laini ya simu imebadilishwa, na akaunti iliyobeba mkopo, ushuru na kitambulisho cha mtu imefungwa kwa ufunguo ambao mwenyewe hanao. Wakati mwingine ufunguo huo bado uko kwenye tarakilishi ya mtu asiyemjua.

Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza wa kuisimamia, Bi Immaculate Kassait, akaapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo humlinda mwananchi dhidi ya wanaotumia vibaya habari zake. Haiwezi kumlinda dhidi ya mazoea ya kumkabidhi mgeni neno lake la siri kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kulitunza. Ulinzi wa namna hiyo hufundishwa ana kwa ana, na mtu asiye na haraka ya kumpokea mteja anayefuata.

Vituo vya Huduma, vilivyoanza kufunguliwa na Serikali mwaka 2013, vimesaidia pakubwa, na Kisii inacho chake. Hata hivyo, kazi ya vituo hivyo ni kuhudumia. Mwananchi huingia na haja yake, hutimiziwa, huondoka. Kumfundisha kujitegemea si kazi waliyopewa, na foleni zao haziruhusu.

Kazi ya zamani yenye vifaa vipya

Eneo la Nyanchwa lina historia ndefu ya kusoma. Waadventista wa Sabato, waliofika Gendia kwenye ufuo wa Ziwa Victoria mwaka 1906, walifungua kituo Nyanchwa miaka michache baadaye, na shule ikafuata. Tangu enzi hizo, mlango wa kutokea shambani kuelekea ofisini, kwa familia nyingi za Gusii, umekuwa ni kitabu. Kisha mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kisii, ambacho mizizi yake ni chuo cha walimu kilichofunguliwa mwaka 1965, kilipata hati ya kujitegemea, na mji ukajaa wanafunzi.

Mwaka huo huo wa 1965, ndipo Bunge lilipopitisha sheria iliyounda bodi ya Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya (KNLS). Huduma ilianza kazi mwaka 1967, na matawi yake yakasambaa hadi Kisii. Wakutubi wa kwanza wa Afrika Mashariki walifunzwa katika shule ya ukutubi iliyoanzishwa Makerere mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha kitivo chake cha sayansi ya habari mwaka 1988. Walichofundishwa wakati huo kilikuwa kazi ya mikono na macho: kuandika kadi ya katalogi, kupanga vitabu kwa nambari za Dewey, kugonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, kushona vitabu vilivyoraruka.

Kazi hizo hazijafa, lakini zimezungukwa na nyingine. Mkutubi wa leo huandika namba ya ISBN na kuvuta maelezo ya kitabu kutoka katalogi za dunia nzima. Hutumia programu kama Koha, iliyobuniwa kwa ajili ya maktaba ndogo ya mashambani nchini New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, ambayo hutolewa bila malipo na sasa inatumiwa na maktaba kadhaa za vyuo vikuu humu nchini. Jina lake, katika lugha ya Wamaori, maana yake ni zawadi. Lakini zawadi hiyo ina masharti: programu ya bure huhitaji mtu anayeijua, na mtu huyo hapatikani bure.

Mageuzi hayo yaliwezekana kwa sababu ya nyaya zilizofika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, SEACOM na TEAMS. Kabla ya hapo, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ilikuwa ghali na ya polepole, na maktaba ya umma iliyotaka kuwa nayo ilihitaji mfadhili. Baada ya hapo misaada ikaja kwa wingi. Mamlaka ya Mawasiliano ilisaidia kufungua vituo vya rasilimali za kielektroniki katika baadhi ya matawi ya KNLS. Shirika la Worldreader nalo likaleta visomeo vya Kindle katika maktaba kadhaa za magharibi mwa nchi.

KNLS haijawahi kuwa taasisi inayoogopa ubunifu. Mwaka 1996 ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia, na picha za msafara huo zikazunguka dunia. Wakati huo hakuna aliyesema kwamba kupakia vitabu kwenye ngamia si kazi ya mkutubi. Msomaji alikuwa jangwani, basi maktaba ikamfuata jangwani. Leo msomaji amekwama kwenye fomu ya mtandaoni, na mantiki ni ile ile.

Somo la vyuo vikuu

Wanaodai kuwa vifaa vinatosha wangefaa kutazama yaliyotokea katika vyuo vikuu. Mnamo Januari 2002, Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa HINARI, uliozifungulia nchi zinazostawi majarida ya utabibu ambayo hapo awali yaliuzwa kwa bei isiyofikika. Mwaka uliofuata, Shirika la Chakula na Kilimo likazindua AGORA kwa ajili ya majarida ya kilimo. Humu nchini, maktaba za vyuo na taasisi za utafiti ziliungana mwaka 2003 na kuunda muungano wa KLISC, ili zichangiane gharama za kununua majarida ya kielektroniki kwa pamoja.

Hatua hizo zilikuwa za busara. Maktaba ambayo haingeweza kununua majarida kumi ya karatasi ilijikuta ikiwa na maelfu ya majarida kwenye kioo. Lakini hapo ndipo wakutubi walipogundua ukweli mchungu: jarida la kielektroniki halionekani. Kitabu kikiwa kwenye rafu, mwanafunzi anayepita anaweza kukiona kwa bahati. Jarida lililo nyuma ya neno la siri haliwezi kuonwa na mtu asiyejua kwamba lipo. Bila mkutubi wa kutangaza, kuelekeza na kuonyesha, chuo hulipia mali ambayo wenyewe hawaijui, huku mwanafunzi akinukuu chochote alichokipata kwa utafutaji wa haraka.

Ndiyo maana mafunzo kwa wakutubi yalikuwa sehemu ya mipango hiyo tangu mwanzo. Somo la vyuo vikuu kwa maktaba za umma ni kwamba kila shilingi ya kifaa yafaa ifuatwe na shilingi ya mtu. Tofauti ni kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ana mhadhiri, ana wenzake na ana maktaba ya chuo. Mchuuzi wa ndizi wa soko la Daraja Mbili anayetaka kumwombea mwanawe mkopo hana yeyote kati ya hao.

Mambo 23 ya Charlotte

Jinsi mfanyakazi wa maktaba anavyoweza kujifunza haya si siri. Mwaka 2006, katika mji wa Charlotte nchini Marekani, msimamizi wa teknolojia wa maktaba ya umma, Helene Blowers, alikabiliwa na tatizo linalofanana na la Kisii: mtandao ulikuwa umebadilika, wasomaji walikuwa wakiuliza maswali mapya, na wafanyakazi wengi waliona haya kukiri kwamba hawakuwa na majibu. Hakuwapeleka hotelini kwa semina ya siku mbili. Aliwapa orodha ya mambo 23 madogo ya kujaribu, yakiwa yamegawanywa kwa wiki tisa, kila mmoja kwa mwendo wake. Aliyemaliza alizawadiwa kifaa kidogo cha kuchezea muziki.

Mpango huo ulinakiliwa na maktaba nyingi katika mabara mbalimbali, na siri ya mafanikio yake haikuwa teknolojia. Kwanza, ulimhusisha kila mfanyakazi, kuanzia msimamizi hadi anayepanga vitabu rafuni, kwa hivyo hakuna aliyeaibika peke yake. Pili, kujifunza kulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Tatu, mtu aliruhusiwa kukosea, kwani hapakuwa na mtihani.

Lipo somo jingine linaloonekana vyema zaidi leo kuliko wakati huo. Vifaa vingi vya mtandaoni vya miaka hiyo vimetoweka. Google Reader, kisomaji cha habari kilichopendwa sana na wakutubi, kilifungwa mwaka 2013. Mtandao wa Google+, ulioanza kwa vishindo mwaka 2011, ulifungwa 2019. Mfanyakazi aliyekariri mahali pa kubonyeza alipoteza ujuzi wake siku tovuti ilipobadilishwa. Aliyejifunza kukikabili kifaa kigeni bila woga, kukijaribu, kukitilia shaka na kumfundisha mwenzake, bado anafanya kazi hadi sasa.

Ndiyo sababu semina ya siku mbili haitoshi. Humfundisha mtu kitufe, na kitufe huhamishwa. Mazoea ya kujifunza hayahamishwi.

Mashine inayojibu kila swali

Haja hiyo imekuwa kubwa zaidi tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa umma. Wapo wanaosema kwamba mashine inayojibu kila swali imemaliza kazi ya mkutubi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito iwapo majibu yote yangekuwa ya kweli. Programu za aina hiyo zina uwezo wa kutunga jina la kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, na kukipa mwandishi na mwaka wa kuchapishwa, kwa lugha isiyo na chembe ya wasiwasi.

Wasomi wenyewe wamenaswa. Mnamo Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati iliyotaja kesi zisizokuwapo, zilizobuniwa na programu hiyo. Ikiwa wakili wa New York anaweza kudanganyika, mwanafunzi wa sekondari anayetayarisha mradi wake usiku kwa simu ya mzazi ana kinga gani?

Kinga aliyonayo ni mtu aliyezoea kuuliza: nani amesema, lini, wapi, na je, yupo mwingine anayethibitisha? Maswali hayo ndiyo taaluma ya mkutubi tangu zama za kadi. Lakini ili ayaulize kuhusu chombo kipya, ni lazima kwanza awe amekitumia mwenyewe hadi akakijua kinapodanganya. Mkutubi anayekisikia chombo hicho redioni tu atakuwa na mawili: kukipiga marufuku au kukisujudia. Yote mawili hayamsaidii msomaji.

Vikwazo visivyo vya uongo

Ni kweli kwamba vikwazo vipo. Cha kwanza ni fedha na idadi ya watu. Tawi lenye wafanyakazi wachache haliwezi kufunga kaunta ili wote wakae darasani. Jibu lake ni ratiba: saa mbili kwa wiki kwa kila mfanyakazi, kwa zamu, katika saa za kazi. Kwa mwaka hizo ni takriban saa 100, zaidi ya semina yoyote, na hazihitaji marupurupu ya safari.

Cha pili ni umri. Husemwa kwamba mfanyakazi aliyebakiza miaka michache kustaafu hawezi kujifunza mambo ya vijana. Dhana hii haiwatendei haki watu ambao walihama kutoka kadi za karatasi hadi katalogi za tarakilishi, na kutoka fedha taslimu hadi M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Kinachowazuia wengi ni woga wa kuharibu kitu mbele ya wadogo wao. Woga huo huisha mtu akipewa nafasi ya kujaribu pasipo na watazamaji. Tena mfanyakazi wa makamo ana jambo ambalo kijana hana: mzee mwenziwe akija kaunta na fomu ya SHA, hatamwonea haya.

Cha tatu, na kigumu zaidi, ni nani wa kulipa. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliziweka maktaba kwenye orodha ya majukumu ya kaunti. Msomaji makini ataona ziliwekwa katika fungu moja na kamari, sinema na utoaji wa leseni za pombe, chini ya kichwa cha utamaduni na burudani. Pengine hapo ndipo fikra mbovu ilipoanzia. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, barabara, hospitali na masoko vimekuwa na watetezi katika mabunge ya kaunti. Maktaba imekuwa kama mtoto wa wazazi waliotengana: kila mmoja anampenda, na kila mmoja anadhani mwenziwe amelipa karo.

Iwapo maktaba itaendelea kuhesabiwa kuwa burudani, itapata masalio ya bajeti. Ikihesabiwa kuwa mahali ambapo mwananchi huifikia Serikali yake, mambo yatabadilika. Mwananchi aliyepoteza Sh2,000 kwa faini ya ushuru, au mwanafunzi aliyepitwa na siku ya mwisho ya kuchagua kozi, hakupungukiwa na burudani.

Yanayowezekana Kisii na Nyamira

Hatua zinazohitajika si kubwa. Kwanza, kila tawi la maktaba liwe na mfanyakazi mmoja aliyeteuliwa rasmi kuwafunza wenzake, na wajibu huo uandikwe katika majukumu yake ya kazi, asiufanye kama hisani. Pili, iwepo orodha fupi ya ujuzi wa lazima kwa kila mhudumu: kutambua tovuti halisi za Serikali zenye mwisho wa .go.ke, kutayarisha nakala za vyeti, kurejesha akaunti iliyopotea, kutafuta kitabu katika katalogi ya maktaba nyingine, na kukagua jibu la mashine kabla ya kumpa msomaji.

Tatu, iwekwe kanuni moja isiyovunjwa: mkutubi haandiki wala haoni neno la siri la msomaji. Humwonyesha jinsi ya kuliunda na kulihifadhi, kisha hugeuza uso. Msomaji akiondoka, akaunti iwe imefungwa na tarakilishi isikumbuke chochote. Kanuni hiyo peke yake ingeifanya maktaba kuwa tofauti na kila mahali pengine ambapo mtu wa Nyanchwa hujaziwa fomu zake.

Nne, wenye saiba wasichukuliwe kuwa maadui. Maktaba haiwezi kuwahudumia watu wote wa kaunti mbili, na wala haihitaji. Mwananchi aliyefunzwa maktabani kutunza akaunti yake ataendelea kwenda saiba kuchapisha karatasi, ila atakwenda akiwa mwenye mali, si mwenye kuomba.

Mambo haya yanaweza kudaiwa kwa njia zilizopo. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ule unaotumika sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kila mwaka bajeti hupelekwa mbele ya wananchi ili watoe maoni, kama sheria inavyotaka. Katika vikao hivyo wakazi wa Gusii wamezoea kuuliza kuhusu lami, maji na taa za sokoni. Ni haki yao pia kuuliza kuhusu maktaba, na waulize swali lililo sahihi.

Wakiuliza ni tarakilishi ngapi zimenunuliwa, watapewa idadi, na idadi hiyo huenda ikawa ya kupendeza. Swali linalofaa ni hili: katika mwaka uliopita, ni saa ngapi za kazi ambazo wahudumu wa maktaba walitengewa kujifunza, na ni wananchi wangapi walioingia bila kujua njia wakatoka wakiwa na akaunti zao, kwa majina yao, na neno la siri wanalolijua wao pekee? Kaunti itakayoweza kujibu swali hilo kwa tarakimu itakuwa imeanza kujenga maktaba. Isiyoweza itakuwa imenunua samani zinazotumia umeme.